Mchele rahisi, dampingi na maneno ya sokoni

"Huu wametutupia tu," alisema mzee mmoja dukani hapa Chake Chake, Pemba, kauchota mchele wa mapembe, ule rahisi unaotoka nje, kwenye polo, kaunusa, kaurejesha. Kisha akapimiwa kilo mbili. Maneno hayo nayasikia kila bei ya mpunga wetu inapoanguka, na mengi hayako sawa.

Dhana: dampingi ni kuletewa chakula kibovu.
Neno "kutupa", ambalo ndiyo maana ya dampingi kwa Kiingereza, ndilo linalotupoteza, maana tukilisikia tunafikiria jaa. Kwa sheria za Shirika la Biashara Duniani (WTO), dampingi ni kuuza nje kwa bei ya chini kuliko ile bidhaa hiyo hiyo inayouzwa kwao. Mchele unaweza kuwa mkavu, mweupe, bila hata chuya moja, na bado ukawa umetupwa. Ukungu na wadudu ni kazi ya wakaguzi wa chakula, mlango mwengine kabisa.

Dhana: mchele ukiwa rahisi kuliko wa Cheju, bonde letu la mpunga Unguja, basi ni dampingi.
Hii ndiyo nzito. Mpunga wetu, Unguja na Pemba, unalimwa vipande vidogo, mwingi kwa kutegemea mvua. Mama anapalilia kwa mkono, anaamia ndege mpaka koo likauke, halafu anatafuta gari ya kumfikishia magunia kwenye mashine ya kukobolea. Pakistan, India, Thailand na Vietnam wana mifereji, na viwanda vinavyojaza meli nzima. Wao kuwa rahisi kuliko sisi hakuthibitishi kitu. Swali ni moja: mchele huo huo, Karachi unauzwaje? Bei ya sokoni kwetu Darajani haimo katika hesabu hiyo.

Na kuna la nyumbani, ambalo wengi hawapendi kulitaja. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mchele ni asilimia 75, lakini Zanzibar imekuwa ikiruhusiwa kutoza mdogo zaidi, kwa sababu tunakula mchele mwingi kuliko tunaolima. Ndiyo maana wengine huuvusha Bara kwa magendo kupitia bandari bubu. Basi sehemu ya unafuu wa mapembe tumeutengeneza wenyewe. Mkulima wa bondeni ana haki ya kulalamika, ila mlango anaoubisha sio.

Dhana: ruzuku na dampingi ni kitu kimoja.
Hapana. Dampingi ni bei ya muuzaji, ruzuku ni mkono wa serikali, na kila moja ina mkataba wake. Tena ruzuku haishushi bei siku zote. Thailand, kuanzia 2011, ilinunua mpunga wa wakulima wake juu ya bei ya soko. Mchele wake ukawa ghali nje, na 2012 India ikaipiku kwa mauzo.

Dhana: serikali ikitaka, inatoza ushuru wa kuzuia dampingi kesho.
Lazima uchunguzi uthibitishe mambo matatu: dampingi ipo, wazalishaji wa ndani wameumia, na kilichowaumiza ni hiyo dampingi, si ukame wala mbegu mbovu. Tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2, kesi inafungwa. Ushuru wenyewe, usipopitiwa upya, hukoma baada ya miaka 5. Kikwazo chetu, kwa maoni yangu, ni hapo kwenye kuumia: mpunga mwingi wa huku unatoka bondeni, unaingia kwenye kinu, unaishia sufuriani mwa aliyeulima. Haujawahi kuona mizani, sembuse daftari. Wakili ataonesha nini?

Dhana: tukifunga bandari, tutakula wetu.
Julai 2023 India ilizuia mchele mweupe usio basmati kutoka nje ya nchi, na bei ikapanda duniani. Zuio likaondolewa Septemba 2024. Zaidi ya mwaka mzima mlango ulifungwa, tena na muuzaji mkubwa kuliko wote, na mabonde ya Pemba hayakuongezeka hata hatua moja. Kilichoongezeka ni watu wa kuuliza bei dukani na kwenda zao.