Pistoni na hedi huchaguliwa pamoja: vipimo vya kuchukua kabla ya kuongeza nguvu ya injini ya pikipiki

Anayetaka pikipiki yenye nguvu zaidi kwa kawaida huanzia kwenye pistoni. Hununua pistoni kubwa na bloku yake, huvua ya zamani, huvika mpya, hurudishia hedi ileile (kifuniko cha juu cha silinda chenye valvu), na injini ikiwaka huona kazi imekwisha. Sisi tunaofundisha ufundi wa injini huletewa injini hizo baadaye, pistoni ikiwa imetoboka au valvu zimepinda. Mara nyingi kila kifaa kilikuwa kizima kilipotoka dukani. Kilichokosekana ni kipimo cha nafasi inayobaki kati ya pistoni na hedi, pistoni inapofika juu kabisa. Katika injini ndogo nafasi hiyo haizidi sana vijiko vitatu vya chai, lakini ndiyo inayoamua kama injini itaishi.

Tuchukue injini ya cc 125 (cc ni sentimita za ujazo) yenye silinda ya kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5. Zidisha nusu ya kipenyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.1416, kisha kwa mwendo, ugawanye kwa 1,000, utapata cc 124.1. Huo ndio ujazo unaofagiwa na pistoni ikipanda mara moja. Kama uwiano wa mgandamizo, yaani mara ngapi mchanganyiko unabanwa, ni 9 kwa 1, nafasi inayobaki juu ni cc 15.5, kwa sababu ukijumlisha 124.1 na 15.5, kisha ukagawanya kwa 15.5, unapata 9.

Sasa weka pistoni ya milimita 62, yenye kichwa bapa kama ya mwanzo, bila kugusa hedi. Ujazo unaofagiwa umekuwa cc 149.4. Nafasi ya juu ikibaki cc 15.5 zilezile, uwiano umepanda hadi 10.6 bila mtu yeyote kukusudia. Na kama kichwa cha pistoni hiyo kimevimba kwa cc 2, nafasi imeshuka hadi cc 13.5 na uwiano umefika 12. Fundi alidhani anaongeza ukubwa wa injini tu, kumbe amebadilisha na mgandamizo, mafuta itakayohitaji na taimingi ya moto wake, yaani wakati plagi inapotoa cheche.

Mgandamizo wenyewe si mbaya. Kwa hesabu ya injini kamilifu isiyopoteza joto wala msuguano, uwiano wa 9 hugeuza takriban asilimia 58.5 ya joto kuwa kazi, 10.6 hugeuza asilimia 61, na 12 hugeuza asilimia 63. Angalia jinsi faida inavyozidi kuwa ndogo kila unapopanda, ilhali hatari haipungui. Mchanganyiko wa hewa na petroli ulio mbali na plagi hubanwa na kupashwa joto hadi unajiwasha wenyewe kabla mwali haujaufikia. Hapo ndipo injini inapogonga. Mawimbi ya shinikizo la kugonga huiondoa tabaka nyembamba ya gesi baridi inayoikinga pistoni. Gesi inayoungua hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, huku aloi za pistoni zikianza kudhoofika mapema zaidi. Kinachosalia ni shimo, au kingo za ringi zilizovunjika. Injini inayopozwa kwa upepo ina joto zaidi kwenye hedi kuliko inayopozwa kwa maji, kwa hiyo huanza kugonga mapema kwa petroli ileile. Mwenye injini ya upepo anayepita uwiano wa 10 anapaswa kujua okteni (uwezo wa kubanwa bila kujiwasha) ya petroli atakayotumia kila siku, si ile aliyojaribia siku moja.

Ujazo wa chemba, yaani bonde la hedi ambamo mchanganyiko huungua, haukisiwi kwa macho. Laza hedi chali juu ya meza, chemba ikitazama juu, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Paka grisi kidogo ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayopitisha nuru chenye tundu dogo, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano lenye alama mpaka viputo vyote vya hewa vitoke. Ulichoingiza ndicho ujazo wa chemba. Ongeza ujazo wa tundu la gasketi (kizibo chembamba kati ya bloku na hedi), ongeza mashimo ya valvu yaliyo kwenye pistoni, toa uvimbe wake. Ni kazi ya nusu saa, nami simkubalii mwanafunzi afunge injini iliyobadilishwa kabla ya kuifanya. Wapo wanaotegemea geji ya kompresheni inayofungwa kwenye tundu la plagi. Geji hiyo ni nzuri kwa kupima uchakavu wa ringi na valvu, ila haiwezi kukupa uwiano, kwa kuwa usomaji wake hubadilika kulingana na wakati valvu ya kuingiza inapofunga.

Tuseme umeamua kubaki kwenye uwiano wa 9.5 kwa pistoni ile ya milimita 62. Unahitaji nafasi ya cc 17.6, yaani cc 2.1 zaidi. Njia ya mkato ni gasketi iliyonenepa kwa milimita 0.7, na namba itatoka sawasawa. Tatizo ni kwamba ukingo wa pistoni nao umeshuka milimita 0.7 kutoka kwenye hedi. Kwenye hedi nyingi kuna ukanda bapa unaozunguka chemba, na pistoni inapoukaribia hukamua mchanganyiko wa pembeni na kuusukuma kuelekea kwenye plagi. Mchanganyiko huo huvurugika, huungua haraka, na pembeni haubaki wa kujiwasha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza Harry Ricardo alitumia wazo hili kwenye hedi za injini zenye valvu za pembeni, na bado linafanya kazi. Kwa injini ndogo zenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu inayozunguka) ya chuma, mwanya wa milimita 0.8 hadi 1.2 kwenye ukanda huo kwa kawaida unafaa. Ukifika milimita 2, mkamuo umekufa, na injini yenye uwiano mdogo inaweza kugonga zaidi kuliko yenye uwiano mkubwa iliyobana vizuri. Kwa hiyo cc zile 2.1 zitafutwe kwa pistoni yenye bonde katikati au kwa kuchonga tumbo la chemba, ukanda ukiachwa ulivyo. Mwanya wenyewe hupimwa kwa vipande vya waya laini wa kulehemu (solda) vilivyowekwa juu ya pistoni sambamba na pini inayoishika kwenye konrodi, kila upande kimoja. Zungusha krenki kwa mkono, kisha upime unene wa waya uliobanwa.

Umbo nalo lina lugha yake. Pistoni yenye uvimbe wa duara imekusudiwa hedi yenye chemba ya nusu tufe. Ukiiweka chini ya chemba ya paa (iliyoinama pande mbili kama paa la nyumba) yenye valvu nne, uvimbe utagusa au utaukata mwali katikati. Mashimo ya valvu yaliyo kwenye pistoni lazima yalingane na valvu zako kwa idadi, kipenyo na pembe. Pistoni ya valvu mbili chini ya hedi ya valvu nne inaweza kupinda valvu kwenye mzunguko wa kwanza. Mshale au alama ya IN nayo isipuuzwe, kwa kuwa shimo la valvu ya kuingiza mara nyingi ni kubwa kuliko la kutolea.

Kosa linalojificha zaidi ni urefu kutoka katikati ya pini hadi kichwa cha pistoni. Pistoni mbili zinaweza kuwa na kipenyo kimoja na pini moja, lakini moja ikawa ndefu kwa milimita 1 juu ya pini. Hiyo milimita inaumaliza mwanya wote niliotaja. Pima kwa venia kalipa kabla ya kulipa, na upime pia sketi ya chini isije ikagonga krenki pistoni inaposhuka.

Nafasi kati ya valvu na pistoni hupimwa kwa plastisini, udongo laini wa kufinyangia. Weka vipande vyembamba kwenye mashimo ya valvu, paka oili kidogo kwenye valvu zisinate, funga hedi kwa gasketi iliyokwisha kubanwa, rekebisha tapeti (mwanya wa kusukumia valvu), kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama, usilazimishe. Fungua, kata plastisini, pima. Sisi huwataka wanafunzi wabaki na milimita 1.5 kwenye valvu ya kuingiza na 2 kwenye ya kutolea, ambayo hurefuka zaidi kwa joto. Kamshafti kali (shafti inayofungua valvu zaidi au kwa muda mrefu) ikiongezwa baadaye, kipimo hiki kinarudiwa.

Tundu la gasketi liwe kubwa kidogo kuliko silinda. Likiwa dogo, ukingo wa gasketi unabaki ndani ya moto, unawaka wekundu, na unawasha mchanganyiko kabla ya plagi. Chemba iliyo pana kuliko silinda huacha kingo za bloku wazi zikipata joto namna hiyohiyo. Zilainishwe, au itafutwe hedi nyingine.

Mwanya wa pistoni na silinda ufuate karatasi ya mtengenezaji. Pistoni ya kufuliwa mara nyingi hudai zaidi kuliko ya kumiminwa, kwa sababu aloi nyingi za kufua hutanuka zaidi. Kabureta nayo itahitaji jeti kubwa (tundu la kupitishia petroli), na taimingi huenda ikarudishwa nyuma nyuzi chache.

Ukiwa dukani, muulize muuzaji mambo manne: urefu juu ya pini, kipenyo cha pini, ujazo wa uvimbe au bonde kwa cc, na aina ya hedi ambayo pistoni ilichorewa. Akikujibu kipenyo peke yake, pistoni hiyo ibaki kwenye rafu mpaka uipime mwenyewe.