Uzito wa atomi na mtiririko wa metali iliyoyeyuka

Majuzi nilisimama kwenye kibanda cha jua kali pale Kibuye, Kisumu, nikimtazama fundi akisubu sufuria. Pistoni kuukuu zilikuwa zimeyeyuka ndani ya chungu, zikafanya ngozi ya kijivu juu. Aliikwangua ngozi hiyo kwa upawa mrefu, na chini yake alumini ikang'aa kama kioo. Alipoimimina kwenye kalibu ya mchanga ilikimbia kama maji.

"Mwalimu," akaniuliza, "mbona hii ya pistoni hufika hadi pembeni, na ile ya nyaya za stima hugandia njiani? Ama ya nyaya ni nzito?"

Kinachofanya kazi hapo ni silikoni. Pistoni nyingi huwa na silikoni ya takribani asilimia 12, kwa hiyo alumini yake huyeyuka chini ya nyuzi 600. Ya nyaya ni karibu safi na huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ukizimimina zikiwa na joto sawa, ya nyaya itatangulia kuganda.

Hata hivyo, neno lake "nzito" lina ukweli mkubwa ndani yake. Atomi za elementi moja zaweza kuwa na idadi sawa ya protoni na elektroni lakini zikatofautiana kwa nyutroni. Hizo ndizo isotopu: ndugu wa sura moja, mmoja mzito kuliko mwenzake. Alumini ya asili ina isotopu moja tu, ya 27 (yaani jumla ya protoni na nyutroni zake), kwa hiyo fundi wa Kibuye hatakutana na tofauti hiyo kamwe.

Lithiamu ndiyo inayoionyesha vizuri. Ina isotopu mbili, 6 na 7, na huyeyuka kwenye nyuzi 180 hivi. Tuseme chungu kimoja kina 6 tupu na kingine 7 tupu, joto likiwa lilelile. Nguvu za kuvutana na kusukumana hutoka kwa elektroni, nazo hazikubadilika. Basi atomi katika vyungu vyote viwili hupita njia zilezile, ila zile nzito hupita polepole, mfano wa video moja iliyopunguzwa kasi. Mkazo ndani ya kimiminika huchukua muda zaidi kutulia, na huko ndiko kuongezeka kwa mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka. Kiwango chake ni kipeuo cha pili cha 7 kwa 6, yaani asilimia 8. Ni makadirio ya kuanzia, kwa sababu atomi nyepesi hivi hufuata pia kanuni za kwanta.

Sasa angalia jambo linalowachanganya wanafunzi wangu kila mwaka. Lithiamu 7 ina mnato mkubwa, lakini lita yake pia ni nzito zaidi, kwa takribani asilimia 17. Iache iteremke taratibu kwenye mfereji kwa uzito wake yenyewe: itaipita lithiamu 6! Uzito unaoivuta umezidi mnato unaoizuia.

Wahandisi wa vinu vya kuunganisha viini vya atomi wanayajali haya, maana lithiamu 6 ikipigwa na nyutroni hutoa tritiamu, ambayo ni fueli ya vinu hivyo. Anayepanga kuizungusha kwenye mabomba hawezi kutegemea vipimo vya lithiamu ya kawaida, ambayo zaidi ya atomi 92 katika kila 100 ni za 7.

Metali nzito hutofautiana kidogo tu. Zebaki ina isotopu saba thabiti, kuanzia 196 hadi 204, na kati ya ile nyepesi kabisa na ile nzito kabisa mnato hupishana kwa asilimia 2 pekee. Lakini zile nyepesi hutangulia kidogo kuwa mvuke, na kwa njia hiyo wanakemia Brønsted na Hevesy walianza kuzitenganisha kule Copenhagen mwaka 1920. Mvuke huohuo huinuka wachimbaji wa dhahabu wa Migori na Kakamega wanapochoma zebaki waliyokamatia dhahabu. Kwa kuwa elektroni zake ni zilezile, kila moja ya isotopu hizo saba hudhuru ubongo na figo sawasawa. Tafadhali, msiichomee jikoni wala karibu na watoto.