Mapinduzi yakitokea, dawa hupitia mlango gani?

Kila serikali inapopinduliwa, mjadala huwa uleule: wahisani wakate misaada au wasikate. Watu huzungumza kana kwamba msaada ni bomba moja lenye koki moja.

Dhana: msaada wa afya ni pesa za watawala

Afghanistan inatufundisha vingine. Tangu 2003, huduma nyingi za afya za umma nchini humo ziliendeshwa na mashirika yasiyo ya kiserikali kwa mikataba, huku fedha zikitoka Benki ya Dunia na wahisani wengine na kupitia wizarani. Taliban walipoingia Kabul mnamo Agosti 15, 2021, malipo yakasimamishwa. Waliolala bila mshahara hawakuwa makamanda. Walikuwa wakunga, wauguzi na wafamasia wa vijijini, na wengi waliendelea kuripoti kazini hivyo hivyo.

Njia nyingine ilipatikana, ingawa kwa kuchelewa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yakaanza kuyalipa yale mashirika yaliyoendesha vituo, nayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikabeba mishahara na gharama za uendeshaji za hospitali kadhaa, idadi iliyokuja kufika 33. Kwa hiyo hazina ya serikali inaweza kurukwa. Watawala wenyewe hawarukiki: visa, vibali vya safari na kodi viko mikononi mwao. Nchini Syria, kwa miaka mingi mashirika yalilazimika kubadili dola kwa kiwango rasmi kilichokuwa chini sana ya kile cha sokoni, na tofauti hiyo ikanufaisha serikali yenyewe. Anayesema hakuna kinachovuja anajidanganya. Anayesema kila kitu huvuja hajawahi kumuuliza mkunga wa Afghanistan.

Dhana: kinachohitajika ni dawa, nyingi iwezekanavyo

Bosnia ililetewa dawa nyingi mno wakati wa vita vyake na mara baada yake. Takriban tani 17,000 za dawa zilizopokelewa kati ya 1992 na 1996 zilikadiriwa kuwa hazifai: zilizokwisha muda, zisizotambulika, zisizohitajika. Kuziteketeza nako ni gharama. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutumia vifurushi vilivyopangwa mapema, kimoja kikikusudiwa watu 10,000 kwa miezi mitatu. Hata hivyo kifurushi hakizalishi mama wala hakiwashi jenereta. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Dizeli ikiisha, zimeharibika.

Dhana: vikwazo vinakataza dawa

Kwenye karatasi, mara nyingi hapana. Desemba 2022 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2664, linaloondoa shughuli za kibinadamu katika vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya kuzuia mali. Tatizo huwa ni benki: zikiogopa faini, hukataa kupitisha hata malipo halali.

Dhana: vita havisimami kwa ajili ya sindano

Vimewahi kusimama. El Salvador, 1985, jeshi na waasi waliweka silaha chini kwa siku maalumu ili watoto wachanjwe.

Dhana: wote wanaoleta msaada hawana upande

Hii ndiyo huniudhi zaidi, kwa sababu huwagharimu wasiohusika. Februari 2019, malori ya msaada yalipopangwa kwenye mpaka wa Colombia na Venezuela katikati ya mvutano wa nani rais halali, Msalaba Mwekundu ulikataa kushiriki. Wengi waliuita ukatili. Kwa wahudumu wake ilikuwa kinga: lori likigeuzwa bango la kampeni, kila gari lenye msalaba mwekundu litatiliwa shaka kesho yake.

Pakistan ililipa bei hiyo. Mwaka 2011 shirika la kijasusi la Marekani, CIA, lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kifuniko cha kumsaka Osama bin Laden mjini Abbottabad. Uvumi dhidi ya chanjo, uliokuwepo tangu zamani, ukapata ushahidi. Desemba 2012 wachanjaji wa polio, wengi wao wanawake, waliuawa kwa risasi Karachi na Peshawar. Ikulu ya Marekani iliahidi kutotumia tena kampeni za chanjo kwa ujasusi mnamo Mei 2014, baada ya wakuu wa vyuo 12 vya afya ya umma vya nchi hiyo kumwandikia rais.