"Taa inakula kuranti"

Kila mwaka nawapokea wanafunzi wa ualimu hapa Lubumbashi, na kila mwaka fishi zao za maandalizi ya somo zina ugonjwa uleule. Penye vifaa vya kufundishia mtu ameandika "simu, projekta". Ukishuka kwenye hatua za somo, huioni hiyo simu inafanya nini. Imewekwa ili msimamizi afurahi. Msimamizi ni mimi, na sifurahi.

Stajieri mmoja, yaani mwanafunzi wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, alinijia siku mbili kabla ya somo lake la umeme. "Prof, darasa lina watoto 58, na projekta hakuna. Nitafanyaje?" Nikamwuliza: wanakosea wapi? Akafikiri kidogo. "Wanasema taa inakula kuranti."

Somo lilikuwa limeshapatikana. Mtafiti wa elimu Lee Shulman aliandika mwaka 1986 kwamba kuyajua makosa ya kawaida ya wanafunzi ni sehemu ya ujuzi wa mwalimu. Mwaka 2006 watafiti wengine, Mishra na Koehler, wakaongeza teknolojia juu ya ujuzi huo, wala hawakuifanya mbadala wake. Na kosa hili la kudhani kwamba mkondo (ndiyo kuranti) unapungua ukishapita kwenye taa, walimu wa fizikia wanalikuta kila mahali. Kwetu lugha yenyewe inalilea: pasi inakula kuranti, friji inakula kuranti.

Tukachukua saketi ya kuigiza kwenye simu ya PhET, mradi wa maigizo ya sayansi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanza 2002. Unapakua faili mara moja, unalirusha kwa Bluetooth simu hadi simu, linafunguka bila mega hata moja.

Darasani simu ilibaki mfukoni kwanza. Alichora kwa chaki: betri ya volti 9, taa ya omu 10, ammita (kipimo cha mkondo) moja kabla ya taa, nyingine baada yake. "Ya kwanza inasoma ampea 0.9. Ya pili je? Andikeni." Wengi wakaandika 0.5, wengine 0.3. Kijana mmoja akaandika 0 na kuipigia mistari miwili. Huyo ndiye aliyeitwa mbele, akapewa simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, afunge swichi na kusoma kwa sauti. Akasoma, akanyamaza, akasoma tena. "Sifuri nukta tisa. Zote mbili."

Simu ilifanya kazi dakika nne hivi. Muda uliobaki ulikuwa wa ubishi: basi taa inakula nini? Nishati. Kila sekunde taa ile inapokea jouli 8.1, yaani 9 mara 0.9, na kuzitoa kama mwanga na joto. Mkondo wenyewe unarudi kwenye betri bila kupungua. Mita ya nyumbani nayo inahesabu nishati, ndiyo maana imeandikwa kWh.

Mfukoni stajieri alikuwa pia na betri na balbu ya tochi kutoka soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi), kama simu ingezima. Hilo nalidai kwa kila stajieri, kwa sababu mara yangu ya kwanza na projekta kuranti ilikatika kwenye slaidi ya tatu, nami sikuwa na hata kipande cha chaki. Watoto wakanitazama, nikawatazama.

Nilimkata alama kwa jambo moja: yule kijana alirudi kukaa bila kuulizwa kwa nini aliandika sifuri.