Homa isiyoisha kwa mwenye kisukari: huenda ni jipu la ini

Klebsiella pneumoniae ni bakteria anayeishi utumboni mwa watu wengi wenye afya njema, miaka nenda miaka rudi, bila kuwadhuru. Shida huanza akihama. Damu inayotoka utumboni hupitia kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, kwa hiyo bakteria akipenya ukuta wa utumbo, hufikia huko kwanza. Akishinda kinga za mwili, ini huota jipu lililojaa usaha.

Madaktari wa Taiwan walianza kueleza hali hii miaka ya 1980, kwa wagonjwa wasio na mawe ya nyongo wala ugonjwa mwingine wa tumbo. Wengi walikuwa na kisukari. Leo inaonekana hadi Ulaya na Marekani.

Sisi wa maabara tukigusa bakteria hawa kwa kitanzi cha waya na kuinua taratibu, aina kali huvutika kama mlenda. Uzi ukizidi milimita 5, tunashtuka. Ute huo ni koti lao. Chembe nyeupe za damu hushindwa kuwameza.

Huku kwetu homa ikija na kutetemeka, wazo la kwanza ni malaria. Ni sawa, ipimwe. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria na homa ikaendelea, kubadilisha vidonge hakutoshi, hasa kwa mwenye kisukari anayeumwa chini ya mbavu za kulia, pengine hadi begani. Asingoje macho yawe ya manjano; wengi hayabadiliki kabisa. Aombe ultrasaundi ya tumbo, na damu ichukuliwe ya kuotesha bakteria kwenye chupa za maabara kabla ya antibiotiki kuanza. Mgonjwa akishameza dawa za dukani, mara nyingi chupa zetu hazioteshi kitu, nasi tunashindwa kumwambia daktari dawa ipi itafaa.

Amiba nao husababisha jipu la ini, na metronidazoli huwamaliza. Kwa Klebsiella dawa hiyo haifanyi kazi. Hapa usaha hunyonywa kwa sindano au mrija, na antibiotiki hutumika kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Najua ni ndefu, na homa hushuka mapema, lakini dozi isikatishwe.

Mgonjwa akianza kuona ukungu au jicho likimuuma, amwambie daktari saa hiyohiyo. Bakteria hawa husafiri kwa damu hadi jichoni, na uoni unaweza kupotea ndani ya siku chache.