Joto la Libya: nyuzi 58 ambazo hazikuwapo

Wengi tulikariri kwamba joto kali kuliko lote duniani lilipimwa El Azizia, kusini ya Tripoli, Libya, tarehe 13 Septemba 1922: nyuzi 58 za Selsiasi. Bado watu wanalirudia. Lakini rekodi hiyo ilifutwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani mwaka 2012, miaka 90 kamili baada ya kuandikwa.

Kosa lenyewe ni dogo, na ni vizuri kulielewa. Kipimajoto kilichotumika kilikuwa na kijipini ndani ya mrija. Joto likipanda, kijipini husukumwa juu, kisha hubaki palepale joto likishuka. Kinachosomwa ni ncha yake ya chini. Siku zile kituo, kilichokuwa ndani ya ngome ya Waitaliano, kilikuwa na msomaji mgeni wa kazi, na inaelekea alisoma ncha ya juu. Urefu wa kijipini kile ni sawa na nyuzi 7 hivi. Daftari la kituo linaonyesha hata safu za kuandikia alizichanganya. Tena, vituo vya jirani havikuona joto la namna ile.

Aliyesaidia kulipata daftari hilo ni Mlibya, mtaalamu Khalid El Fadli, aliyeshiriki katika uchunguzi huo, uliokwama kwa muda nchi yake ilipoingia vitani mwaka 2011, kisha ukaendelea. Napenda hilo litajwe.

Rekodi sasa ni nyuzi 56.7 za Death Valley, Marekani, tarehe 10 Julai 1913.