Je, wajua kwa nini dripu ya dawa ya saratani humchukiza mtu urojo?

Tuseme bi mkubwa mmoja wa Mjini, Unguja, ana saratani. Asubuhi ya dripu yake ya kwanza kapewa bakuli la urojo apate nguvu. Jioni katapika mpaka nyongo. Wiki tatu baadaye binti yake anampikia urojo uleule, na bajia zake na mbatata zake. Mama anageuza uso harufu tu inapomfikia. Binti ananuna, jirani ananong'ona kuwa mgonjwa keshakata tamaa, na hakosi wa kumtaja jini.

Kumbe ni ubongo. Ukila kitu kisha ukatapika, hata saa kadhaa baadaye, ubongo hukihesabu chakula kile kuwa sumu. Mara moja yatosha. Habari za dawa iliyopita mshipani, ambayo ndiyo iliyotapisha, ubongo hauna, na mgonjwa hata akijua kuwa urojo hauna kosa, moyo utamchafuka vilevile.

Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Ilene Bernstein, aliona watoto wenye saratani waliopewa aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya dawa wakiikataa baadaye. Mwaka 1987 yeye na mwenzake wakajaribu hila: baina ya mlo na dawa, mtoto apewe pipi ya ladha kali. Lawama ikaiangukia pipi, chakula kikasalimika zaidi. Sisi tungesema pipi imetolewa kafara.

Mahali nako hushikwa hivyo hivyo. Baada ya dripu kadhaa, wapo wanaochafukwa na moyo kwa harufu ya spiriti tu. Anayevuka kwenda kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kuanza akiiona boti bandarini Malindi, bahari ikasingiziwa bure. Hali hiyo ikishazoeleka, dawa za kuzuia kutapika hazifui dafu sana. Kulegeza mwili na kuvuta pumzi taratibu, mambo ambayo muuguzi anaweza kuyafundisha, husaidia zaidi.

Ndiyo maana swali la muuguzi, "Safari iliyopita ulitapika?", si la kupitisha wakati. Kutapika kukizuiwa tangu dripu ya kwanza, ubongo hukosa cha kujifunza. Na binti naye aitwe aelezwe: siku ya dripu uji mwepesi watosha, urojo usubiri mpaka tumbo litulie, na bakuli likirudi limejaa, mama hajamkataa yeye.